Nyumba Isiyo na Choo

Bhoke mwanangu,

Shikamoo yako Ryoba dereva aliniletea, nami naitikia marahaba. Mimi ni mzima kadiri mtu anayebeba mawe anavyoweza kuwa mzima. Mgongo unauma asubuhi, ukishapata moto unaacha, jioni unarudi tena. Hakuna jipya zaidi ya hilo.

Naandika nimekaa juu ya mfuko wa saruji huku Ikoma, karibu na lango la hifadhi, kwenye hii hoteli ya watalii tunayoijenga. Wenzangu wanakula. Ryoba ataondoka na lori saa kumi, atalala hapo nyumbani Nyangoto, kesho ataendelea Tarime mjini kuchukua nondo. Nimemwambia akupe barua hii mkononi leo, maana kesho asubuhi wakwe zako wanakuja kukuchukua. Ningeweza kupanda kilimani nikapiga simu, lakini simu ya nyumbani ni ya kaka yako Mwita, na maneno haya sitaki yapitie kwa Mwita. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Sikuja kukuaga. Niliomba ruhusa, msimamizi akasema, "Nenda mzee, ila ukienda usirudi." Ruhusa yangu niliitumia wiki ile ng'ombe wa mahari walipoletwa. Siku ile mama yako alilia, shangazi zako wakapiga vigelegele, wazee wakabishana juu ya yule fahali mwenye pembe moja, na mimi nilisimama nikiangalia kwato tu. Ulinitazama ukadhani nimekasirika. Sikuwa nimekasirika. Siku hizi mambo yananipita kama mvua inayonyesha ng'ambo ya kilima. Naisikia lakini silowi. Usidhani ni wewe. Ndivyo nilivyo.

Sitakufundisha kuamka mapema wala kumwamkia mama mkwe wako. Hayo umeshafundishwa na wanaoyajua, na wewe umesoma mpaka kidato cha nne, mimi niliishia darasa la tano. Nina jambo moja tu, nalo linahusu choo. Ukitaka kucheka cheka, halafu uendelee kusoma.

Wewe hukumbuki shamba letu lilivyokuwa. Ulikuwa bado hujaanza shule. Lilianzia nyuma ya nyumba ya babu yako likateremka mpaka kijitoni. Juu ulezi, katikati mtama na mahindi, chini kwenye unyevu mihogo. Babu yako alilima hapo, baba yake alilima hapo. Tulikuwa na ng'ombe wawili wa jembe, mmoja mweupe tukimwita Sabuni, mwingine mweusi tukimwita Mkaa. Sabuni alikuwa mvivu, ila Mkaa akianza kuvuta naye anavuta. Nikiwa nyuma ya jembe asubuhi na mapema nilikuwa simwonei mtu wivu. Nakwambia hivi ili ujue kwamba sikuwa mjinga tangu mwanzo. Nilijua kula yangu inatoka wapi.

Halafu ikaja habari kwamba mgodi utapanuka mpaka kwenye mteremko wetu. Nani aliileta sijui. Habari za namna ile hazina mwenyewe. Ilisemekana watakuja watu wa tathmini, watahesabu kila nyumba na kila mti, na mwenye vingi atalipwa vingi. Kulikuwa na watu wa vitongoji vingine waliokwisha kulipwa, na wengine tuliwaona kwa macho wakipita na pikipiki mpya. Basi watu wakaanza kutegesha. Wewe umekua ukilisikia neno hili kama neno la kawaida, lakini sisi ndio tuliolianza. Mtu anatega kwale kwa kutandaza nafaka. Sisi tulitega malipo kwa kusimamisha nyumba. Unajenga nyumba ambayo hakuna atakayeishi, unapanda miti ambayo hakuna atakayekula matunda yake, kisha unakaa unasubiri ihesabiwe.

Mimi sikuanza. Nilikuwa natengeneza nira ya ng'ombe, mvua za kwanza zimekaribia, akapita jirani yetu Nyamhanga, yule marehemu, akasimama njiani akaniita kama tungali vijana.

"Mura, bado unalima?"

"Mvua hiyo imefika."

"Lima ndugu yangu, lima. Tukishalipwa tutakuja kununua ulezi wako. Sisi tutakuwa hatuna muda wa kushika jembe."

Jioni nilipokwenda senta, hadithi ilikuwa imenitangulia. Wakaniita Bwana Shamba. "Bwana Shamba, karibu uji!" "Bwana Shamba, ng'ombe zako zimelala?" Maneno ya utani tu, watu wa rika langu, tuliotahiriwa pamoja. Lakini unajua kwetu utani wa watu wa rika unakata kuliko tusi la mgeni. Nilivumilia wiki ile na ile iliyofuata. Halafu nikaacha kwenda senta. Halafu nikawa najiuliza mwenyewe, hivi wote hawa wawe wajinga, mwerevu niwe mimi peke yangu?

Hapo ndipo nilipokosea, Bhoke. Hata nyumba nilikuwa sijaanza kujenga. Kulikuwa na kitu ndani yangu kinachosema ardhi hii imelisha vizazi vitatu mfululizo, na habari ile haijalisha mtu hata siku moja. Hiyo ndiyo akili ya kawaida, ile ambayo hata mtoto anayo. Niliisikia vizuri kabisa. Nikaionea haya. Niliona ni akili ya kizamani, akili ya mtu asiyetoka nje ya kijiji. Mtu akishaionea haya akili yake mwenyewe, mwingine yeyote anaweza kumwazima ya kwake.

Nikampeleka Sabuni na Mkaa mnadani. Sikuuza jike wala ndama, niliuza ng'ombe wa jembe, kwa sababu ndio waliokuwa wanono na bei yao ilikuwa nzuri. Nikanunua mabati membamba, misumari na miti. Nyamhanga akaja kunielekeza kwa moyo mweupe kabisa, maana hakuwa mtu wa hila. Aliniambia, "Chumba kimoja kigawe viwili. Wanahesabu vyumba." Tukagawa. Vyumba vingine mtu angelala, miguu ingetokea chumba cha pili. Matope tulipaka mara moja tu, ndani hatukupaka kabisa. Mlango tuliuelekeza juu mlimani kwa sababu ndipo ardhi ilipokuwa rahisi kusawazisha. Na pale penye ulezi nikapanda miche ya michungwa, imebanana kama watu wa foleni.

Mama yako hakusema neno mpaka nyumba ilipofika kwenye paa. Siku hiyo alikuja amekushika mkono, akasimama mbele ya mlango akaangalia juu mlimani, akaangalia mlango, akaangalia tena juu.

"Baba Bhoke, huyu atakayelala humu, mvua ikinyesha maji yatapita wapi?"

"Hakuna atakayelala."

"Na moto atakoka wapi?"

"Mama Bhoke, nimekwambia hakuna atakayelala."

"Basi choo siulizi."

"Choo cha nini?"

"Cha huyo ambaye hatalala."

Fundi alicheka mpaka ikabidi ashuke kwenye ngazi. Mimi sikucheka. Nilimwambia mama yako arudi jikoni, kwamba haya ni mambo ya wanaume. Naye akarudi jikoni, na jikoni akaendelea kuwaza vile vile. Alichimba kipande kidogo nyuma ya nyumba kwa jembe la mkono akapanda viazi. Nilimwona akichimba nikapita.

Watu wa tathmini walikuja kweli. Usije ukasikia watu wakisema walitudanganya, hawakutuambia tujenge. Walipita na mitambo yao mabegani wakiangalia angalia. Mmoja alikuwa binti amevaa buti, umri wako wa sasa. Aliniamkia vizuri, shikamoo mzee, akauliza, "Humu anaishi nani?" Nikasema, "Mimi na familia." Akachungulia ndani. Akazunguka nyuma. Akarudi.

"Mzee, choo kiko wapi?"

Bhoke, nimepigwa katika maisha yangu, nimefukiwa na kifusi mpaka kiunoni, lakini swali lile ndilo lililonipiga kuliko yote; nikainama nikaokota msumari. Nyamhanga ndiye aliyejibu, "Tunakwenda kwa jirani." Binti akauliza, "Jirani yupi?" Nyamhanga akasema, "Kwangu." Na kwake hakikuwepo vile vile. Wenzake wa tathmini wakacheka, binti naye akacheka kidogo, si kwa dharau. Alinihurumia, nadhani. Wakaenda zao.

Mpaka wa mgodi ukapita ng'ambo ya kijito. Sisi tukabaki huku. Hivyo tu. Hakukuwa na kilio wala ugomvi. Tulikuwa tumejiandaa kwa kulipwa na kwa kudhulumiwa, lakini kutoguswa kabisa hakuna aliyekuwa amekufikiria.

Na hata hapo sikushika jembe. Hili ndilo ninalotaka ulisikie zaidi kuliko yale mengine. Kila asubuhi tulikusanyika njia panda kuulizana, "Vipi, kuna jipya?" "Wanasema watarudi." "Nani kasema?" "Wanasema." Msimu ukapita. Mwingine ukapita. Kubeba mawe kunachosha mgongo, unalala, asubuhi unaanza upya. Kusubiri kunachosha mahali ambapo usingizi haufiki. Nadhani ganzi hii niliyonayo niliipatia pale njia panda, nimekaa juu ya jiwe, mikono safi.

Mvua ya kwanza kubwa iliingia kwenye ile nyumba kwa mlango, kama mama yako alivyosema, ikatokea ukuta wa nyuma ikaubeba na ukuta wenyewe. Michungwa ilikauka kwa kubanana. Niliing'oa kwa mkono kwa kuwa ng'ombe wa jembe sikuwa nao, na huwezi kuazima kwa jirani ambaye naye kauza. Mwaka ule mama yako alivuka mpaka kwenda kwa ndugu zake upande wa Kenya akarudi na mahindi kichwani. Tulikula yale mahindi na vile viazi vya nyuma ya nyumba. Mdogo wako Weisiko aliugua mwaka huo, na siandiki zaidi ya hapo. Unajua kaburi lake lilipo.

Tangu hapo nikawa mtu wa kubebea wengine. Nimebeba udongo kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, nimegonga mawe kwa nyundo, sasa niko huku kwenye zege. Na kazi waliyonipa mwezi uliopita, utacheka tena, ni kuchimba mashimo ya vyoo. Wageni bado hawajaanza kuja, hata kitanda hakijaingia, lakini vyoo vimeanza. Nilimuuliza fundi, mbona vyoo kwanza? Akaniangalia. "Mzee, si watu watakaa hapa?" Nikasema ndiyo, ni kweli. Nikarudi shimoni.

Sasa nije kwa Marwa wako.

Mimi simchukii. Anaamkia watu, hanywi kupita kiasi, na siku aliyokuja na wazee wake alikaa chini kama kijana aliyelelewa. Lakini walipokuwa wanakunywa, nilimsikia akimwambia Mwita, "Mwaka kesho watapita kwetu. Safari hii ni uhakika." Nikahisi kama mtu ameniita jina langu.

Wiki ile ile, kabla ng'ombe hawajaletwa, wakati bado naweza kupita kwao bila kuvunja adabu ya ukwe, nilipita. Sikukwambia. Nilijifanya naelekea mtoni. Akaniona akaja mbio, akanipokea, akaanza kunitembeza kwa furaha kama mtu anayeonyesha ndama.

"Nyumba hizi zote ni zetu, baba. Hii ya kaka, hizi mbili za mzee, na hii ya mwisho yenye bati jipya ndiyo ya Bhoke."

"Nani analala humu?"

"Bado, baba. Tunalala kwa mama kwa sasa."

Nikaangalia chini. Nyumba inayokaliwa ina njia, Bhoke. Nyasi zinakufa mbele ya mlango kwa kukanyagwa, na pembeni panakuwa na jivu na maganda ya mihogo. Pale nyasi zilikuwa zimefika kizingitini.

"Mnalima wapi?"

"Kulima?" Akacheka. "Baba, tukilima si wataona shamba tu? Tumepanda miti."

"Na choo?"

"Aa, baba! Wewe nawe." Akanishika bega. "Tukishalipwa tutajenga cha ndani, cha vigae. Wewe mwenyewe utakuja kukijaribu."

Ana maneno mazuri. Nilicheka naye, nikaenda mtoni nikakaa. Nilitaka kurudi nimwambie yote niliyokuandikia hapa. Lakini alikuwa anaongea vile vile nilivyokuwa naongea mimi, na ningekuwa mimi nisingesikia. Nani alinizuia? Mama yako aliongea nikamrudisha jikoni.

Utauliza, kama niliyaona hayo, kwa nini nilipokea ng'ombe. Kwanza, uliniambia kwa kinywa chako kwamba unampenda, tena uliniambia mchana kweupe ukiniangalia usoni, jambo ambalo mimi kwa baba yangu nisingethubutu. Pili, wajomba na baba zako wadogo walikuwa wamekwisha kukubaliana. Tatu, mimi mwenyewe nilikuwa Marwa, na sikuwa mtu mbaya. Mama yako aliolewa na mtu mwenye Sabuni na Mkaa, akaja akabaki na mtu wa njia panda, na hakuondoka. Labda wewe utampata mtu wa njia panda ambaye atabadilika akawa mwenye jembe. Inawezekana. Ana mikono mizuri akiamua kuitumia. Nyumba zile amezijenga mwenyewe na kuta zimenyooka kuliko zangu.

Kwa hiyo sikuambii usiende. Nakuomba uende na macho yako. Ukifika usiulize mgodi utapita lini, maana utajibiwa. Uliza kunapikwa wapi, maji yanachotwa wapi, watu wanajisaidia wapi. Maswali ya jikoni, yale ambayo mimi nilimfukuzia mama yako. Kama hakuna choo, mwambie mchimbe, ninyi wawili, hata kifupi. Usigombane. Mpe jembe umwambie, "Mume wangu, mimi nakaa hapa." Ukiona ameshika jembe, hata kwa kunung'unika, ujue ana akili, ilikuwa imelala tu. Atakayekwambia tusubiri kwanza, mwangalie vizuri. Wewe msikilize mara ya kwanza. Mara ya pili nenda kalime peke yako kipande nyuma ya nyumba, kama mama yako. Mara ya tatu sijui nikwambie nini. Hapo ndipo nilipoandika na kufuta.

Kwetu baba anajua la kusema hapo. Anasema vumilia. Wewe umewasikia wanawake wakiambiwa. Shangazi yako Rhobi aliambiwa. Alirudi nyumbani kabla hujazaliwa, mgongo umevimba, babu yako akamwangalia akasema rudi kwa mumeo. Watu wakasema babu yako ana moyo mgumu. Hakuwa na moyo mgumu. Ng'ombe wa Rhobi walikuwa wamekwisha kutumika. Ndio waliomwoa mama yako. Mimi ndiye niliyeoa kwa ng'ombe wale. Rhobi angebaki nyumbani, ng'ombe wangedaiwa, na ng'ombe hawakuwepo, alikuwepo mama yako jikoni akiwa na mimba yako. Kwa hiyo dada yangu alirudi. Nilimsindikiza mimi mpaka mtoni.

Ndiyo maana kaka yako Mwita hanisemeshi. Nadhani umeona nyumbani kuna baridi ukadhani ni juu ya harusi. Si harusi. Siku ya pili baada ya ng'ombe kuingia zizini, alinifuata.

"Tata, nimempata binti. Wazee wake wako tayari."

"Vizuri."

"Ng'ombe wa dada ni wangu. Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo."

"Sasa?"

"Sasa utasubiri."

"Nisubiri nini? Ng'ombe si hao?"

"Nimesema utasubiri, mura."

Akaita baba zake wadogo. Wakaja, wakakaa, wakanipa maneno. Mmoja akasema, "Wewe ulikula ng'ombe wa jembe la baba yetu, sasa unataka kula na wa mtoto." La kwanza ni kweli. Mwita alisimama akaniambia mbele yao kwamba rika lake wote wanaoa, yeye peke yake atabaki kuchunga ng'ombe wa dada yake kama mtoto. Nilimwona macho yake. Nilitaka nimwambie najua rika linavyocheka. Sikuwaeleza sababu maana maneno yangefika kwa Marwa kabla yako, na wewe ungeingia kwenye nyumba ile ukiwa umeshatangazwa kwamba baba yako anakutegemea urudi. Sikutegemei urudi. Nataka tu uweze.

Kwa hiyo ng'ombe wako wapo. Mama yako anawajua kwa rangi, na ndiye peke yake niliyemweleza. Hakuna atakayeuzwa, atakayechinjwa wala atakayetolewa mahari. Ndiyo sababu nilirudi kubeba mawe huku, ili njaa ikija nyumbani isikute watu wanaangalia zizini. Mimi ni mzee kwa kazi hii. Vijana wananiita babu, wananipa mawe madogo, halafu msimamizi akipita wananiwekea makubwa. Nabeba. Sisikii kitu, nakwambia kweli, lakini asubuhi nikiamka najua nambebea nani.

Ukimkuta Marwa ni mtu wa kungoja, na umemwonyesha jembe, na umelima peke yako, na bado anakaa na mikono safi; au siku akikuinulia mkono; toka, panda gari, uje nyumbani mchana, upite senta watu wakuone. Usipite kwa nyuma. Ng'ombe wao watarudi kwao jioni hiyo hiyo, wakiwa wamenenepa. Hakuna atakayekusindikiza mtoni.

Na ukikuta maisha, ukala ulezi mliolima wenyewe na ukawa umeridhika moyoni, nitumie neno moja kwa Ryoba. Aseme tu, "Bhoke anasema Mwita aoe." Siku hiyo nitaacha mawe, nitarudi Nyangoto nimkabidhi kaka yako ng'ombe wake, na nitamwomba msamaha mbele ya wale wale.

Mwita atakusumbua. Atakuja huko kukutembelea, atakuuliza mnaendeleaje, atakaa kimya namna ile ya kwake. Binti yule hawezi kusubiri miaka, na kaka yako anampenda, najua. Utamhurumia kwa sababu una moyo wa mama yako. Usitume lile neno kwa ajili ya kumhurumia Mwita. Litume likiwa kweli.

Baba yako.